Mstari wa Kumi

Upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Tangu jioni unapiga mabati kama mdai,
na sisi wawili tumeinamia kichupa mezani,
hakifiki hata urefu wa kidole gumba.

Chini kabisa mna unga.
Si unga wa kushikika, ni kivuli cha unga,
ukungu uliogandia kioo.
Miligramu tano, karatasi inasema.
Nibaldo anakitikisa karibu na sikio.
"Humu hamna kitu. Tumelipia hewa."
Usitikise, namwambia. Ximena alisema usitikise.

Miaka ishirini mume wangu anachanja kondoo,
mia nane kwa siku, kwa bomba la chuma;
mmoja akirusha teke, nusu ya chanjo inaishia butini
na hakuna anayelia.
Leo mkono uleule umeshika sindano
nyembamba kuliko udevu wake,
unatetemeka.

Mimi ni karani wa ghala la sufu, hesabu ni zangu.
Nimeziandika nyuma ya bili ya gesi:
tano kwa mililita mbili za maji,
basi kila mililita imebeba mbili na nusu.
Ninayotakiwa kudungwa ni robo.
Robo ndani ya mbili na nusu ni fungu moja katika kumi,
na bomba hili limeigawa mililita mistari mia,
basi mstari wa kumi.
Nikauzungushia duara mara tatu
hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Maji yakateremka ubavuni mwa kioo, taratibu,
yasiuchape unga.
Haukusitasita kama sukari kwenye chai baridi.
Ulikuwepo, kisha haupo.

Nibaldo akalitazama bomba alilovutia maji.
Namjua anaponyamaza hivyo.
"Yovanka. Nimetia moja."

Moja. Si mbili.

Nililia, sioni haya kusema.
Nililia mkopo wa chama cha ushirika,
na baba yake aliyeuliza tena Krismasi, mbele ya watu,
na kile chumba cha nyuma tunachokiita stoo
ingawa hatujaweka kitu.
Nibaldo akachukua koti, kana kwamba saa tatu ile ya usiku
kuna duka angelikuta wazi,
na kliniki yenyewe iko Santiago.

Ximena alipokea simu, nyuma yake sahani zikigongana.
Akacheka kidogo, kama mtu aliyezoea kuulizwa hayo.
"Dawa haijapungua, mama. Kilichopungua ni maji.
Ongezeni moja, ziwe mbili kama nilivyowaandikia."

Dawa haijapungua.
Nikairudia bili ya gesi, kwa ukaidi tu:
tano kwa moja, robo ingekuwa mstari wa tano.
Ningevuta hadi kumi ningejidunga maradufu,
na yale maji yangebaki meupe vilevile, yasiseme neno.
Ghalani mvua ikilowesha marobota
mzani hupanda, na mnunuzi hung'aka,
sufu ni ileile.
Nikamtazama mume wangu, amesimama mlangoni,
koti limeingia mkono mmoja.

Akaongeza ile moja.
Akavuta, akagonga bomba kwa ukucha povu lipande,
akapiga magoti sakafuni ili jicho na mstari viwe sawa.
"Kumi," akasema, kwa sauti ya kuhesabia zizini.
Tazama tena.
"Kumi, mwanamke."

Tumboni palikuwa baridi tu, kisha hapakuwa na kitu.

Nimeandika tarehe kwenye kichupa, nimekiweka ndani ya friji
kati ya jibini na chanjo za kondoo.
Kwenye karatasi zimebaki kumi na tisa.
Nibaldo anasema tuhesabu kumi na nane,
maana daima kuna kinachonasa shingoni,
na hicho hakuna aliyekiandika.