Beringi

Getini walitukatia risiti ya watu watatu:
mimi, Nkwimba wa darasa la nne,
na baba, Masalu, ambaye masikio yake
yalibaki kwenye kinu cha kuchambua pamba,
miaka thelathini na moja, zamu ya usiku.
Askari wa hifadhi akatusomea masharti:
msipige kelele, msiwape tumbili ndizi,
msikanyage mawe yenye utelezi.
Baba akaitikia kwa kichwa kila sharti,
akaitikia na pale askari alipokohoa.

Mwanza tuliiacha alfajiri,
ziwa likiwa bado na rangi ya sufuria.
Busisi ikapita, kisha vumbi, kisha mihogo,
sasa njia ya miguu chini ya miti
ambayo majina yake niliyasoma vibaoni
na kuyasahau kabla ya kibao kilichofuata.

Mimi nilikuwa nasikiliza.
Maji yalianza mbali, kama mvua juu ya bati la jirani,
nikaharakisha, macho yangu yote yakiwa masikioni.
Kwa hiyo mbega sikuwaona.
Baba ndiye aliyesimama,
akanyoosha kidevu:
sita, mikia inaning'inia kama taulo zilizoanikwa,
na mtoto mmoja, mweupe mzima,
kang'ang'ania tumbo la mama yake.
Mdiria pia ni wake. Na kenge.
Na kwenye kidimbwi cha chini, fisi maji,
ambaye askari, kwa kukiri mwenyewe,
alikuwa hajamwona tangu Februari:
kichwa, mgongo, kaa mdomoni, basi.
"Mzee ana macho," askari akasema.
Hakuna aliyemfikishia.

Halafu maporomoko yenyewe.
Si makubwa. Nyumba ya ghorofa mbili,
na kiangazi kilikuwa kimeyakondesha.
Nkwimba akapiga yowe, sharti la kwanza likafa.
Nikamtazama baba akiyatazama maji
yakianguka kimya, kama shuka
zinazokung'utwa ng'ambo ya bonde,
nikajuta nauli, nikajuta wazo lote.
"Babu anajua kama yananguruma?"
Sikumjibu.

Baba alishavua viatu.
Akapiga goti juu ya jabali,
akaweka kiganja cha kulia
vile alivyokuwa akikiweka
ubavuni mwa mashine namba saba,
mafundi wa mchana wakibishana
kama itafika asubuhi.
Akafumba macho.
Akasogeza mkono shubiri moja. Tena moja.
Rasharasha zikamlowesha kola.
Askari akavua kofia,
sijui kwa nini.

"Beringi nzima!" baba akasema,
kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia,
na matawi juu yetu yakatikisika, mbega hao.
"Ila mkanda umelegea. Tuje masika."

Nkwimba alishalala kifudifudi,
shavu juu ya jiwe, kinywa wazi.
Nikaweka na changu kiganja.
Mwanzo, ubaridi tu.