Matundu ya Ubavuni

Ifungue mgongo, utaona hakuna jini:
mota ya waipa ya kirikuu kilichofia Pongwe,
gia ya plastiki, kipande cha nondo kilichopinda
kama kiwiko cha mtu anayesonga ugali,
na droo ya mninga inayokwenda, inayorudi,
inayokwenda, inayorudi, isijue inasukuma nini.

Nimeiunda mwenyewe, Barabara ya Kumi na Tatu,
juu ya meza ya pasi mbovu na redio za watu.
Kioo nimekitoa kwenye fremu ya harusi yangu.
Bwana alishajitoa zamani.

Sarafu ni za baba. Mkebe mzima:
mbuni wa senti ishirini, sungura wa hamsini,
samaki wa senti tano, mwenge wa shilingi.
Alizikata kwa kisu, fungu kwa fungu,
kwenye mkonge wa Kigombe, akinuia baiskeli.
Baiskeli ikapanda bei mkebe usijae,
hadi siku mwenye duka alipomrudishia kaunta nzima:
"Mzee, hizi wape watoto wachezee."

Basi tunachezea.

Dondosha mbuni mmoja juu. Anagonga misumari, tik, tak,
analala chali juu ya droo. Droo inarudi nyuma,
ukuta unamkatalia kurudi nayo,
naye anamsukuma aliye mbele, wa mbele wa mbele yake,
na kule ukingoni anaanguka mwingine kabisa,
aliyewekwa juzi, na mkono mwingine.

Baba anahesabu. Ametia arobaini, zimetoka thelathini na moja.
"Mashine yako ina mkono mrefu, Mwanakheri."
Nikammulikia tochi: kulia na kushoto, ubavuni,
upenyo wa vidole viwili, na chini yake soksi.
Hakushangaa. Akaingiza kidole, akapima.
"Kigombe palikuwa na matundu haya haya.
Moja liliitwa posho. La pili, karani."

Nikachukua bati niyazibe.
"Acha. Safari hii nayaona."

Saa mbili kasoro umeme ukakatika.
Droo imekwama mbele, na sungura wa sabini na tatu
amechungulia nusu mwili nje ya ukingo.
Nikanyoosha kijiko nimmalizie.
"Usimguse," sauti ya baba gizani.

Tumekaa. Feni ya jirani inamalizia mizunguko yake.
Baba ameegemeza kidevu kwenye kioo cha harusi yangu,
anamngoja sungura, au anaingoja Tanesko,
nami napumulia pembeni, nisije nikamsukuma.