Bei ya Saa Moja

Niliandika kroni mia tano, nikaifuta.
Nikaandika mia tatu, nikaona haya,
nikafuta hiyo pia, hadi karatasi ikatoboka
pale penye bei.

Stavanger ilikuwa na mvua yake ile
isiyoanguka, inayokuja ubavuni,
na Otávio alikuwa baharini kwenye mtambo wa mafuta,
wiki ya pili.
Nikamwambia kwa simu: nataka kuwa kocha wa wazazi,
hawa wanaohamishwa na makampuni kama sisi.
Akacheka. Akauliza: na filimbi je, utanunua?

Filimbi sikununua. Nilinunua viti viwili vya mitumba,
buli, boksi la karatasi laini za machozi,
nikaenda kusajili jina.
Karani alitaka kujua nauza nini hasa.
Kinorwe changu kilikuwa cha dukani:
maziwa, mkate, mfuko tafadhali.
Nikasema, nauza kukaa na mtu.
Akaandika: huduma nyinginezo.

Wa kwanza alikuwa Norhayati, kutoka Miri.
Miezi mitatu mwanawe hajatamka neno chekechea.
Nyumbani anaimba, anagomba, anamwamrisha paka;
akishavuka lile lango la rangi ya chungwa
kinywa kinafungwa kama duka la Jumapili.
Na wanawalaza watoto nje, akaniambia, nje!
Kwenye vigari, baridi ikiwauma pua,
nami natabasamu, nasema asante,
narudi kwenye gari nalia
mpaka vioo vinaingia ukungu.

Gari hilo nalijua.
Mimi pia nimelilia langu, kwenye maegesho yale yale.
Ushauri sikumpa; nakiri, sikuwa nao.
Nilimuuliza tu: huyo paka, anamwamrisha kwa lugha gani?

Akanyamaza. Akahesabu kitu vidoleni.
Kisha kicheko kikamtoka pamoja na kamasi.
Kinorwe, akasema. Ya Rabi,
paka wangu anagombezwa kwa Kinorwe.

Alinilipa keki, tabaka kumi na nane,
kijani, waridi, kijani, waridi.
Torgeir, mhasibu, aliitazama kwa muda mrefu,
akauliza aiingize safu ipi.
Halafu akakata kipande.

Wakaja wengine. Mskoti aliyemfuata mkewe kazini,
anayekwepa sherehe kwa sababu ya swali moja:
na wewe, unafanya nini?
Ibinabo wa Port Harcourt, aliyehama mara tano,
habandui tena vibandiko vya bei chini ya sahani.
Za nini, anasema, na mwakani zitarudi kwenye magazeti?
Hodi zikaongezeka. Bei nikaiandika kwa kalamu ya wino.
Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Jioni, nikishafunga mlango,
mabega yangu hayajasikia msemo huo.

Na mganga, kama mjuavyo, hajigangi.
Alhamisi, katikati ya saa ya mtu,
kijikaratasi kiliteleza chini ya mlango.
Mwandiko wa Jandira, binti yangu, miaka tisa,
Kireno chenye makosa
ambayo Macaé hakuwa nayo:
Mama, mtu anapataje miadi?

Niliimaliza saa ile. Malipo nikapokea.
Sijui kama nilisikia neno hata moja.

Kesho yake, saa tisa alasiri, alibisha hodi
ingawa mlango ulikuwa wazi.
Alikuwa amechana nywele.
Akaketi kwenye kiti cha wageni, miguu haifiki chini,
akalisogeza boksi la karatasi upande wangu,
akaweka mezani kroni tano,
sarafu ile yenye tundu katikati.

Haya, akasema. Anza wewe.