Msesewe

Mwalimu Eliringia hataki tuharakishe.
"Ule wa mbio mtauimba asubuhi."
Usiku huu anataka ule mwingine,
unaoshuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani,
akipapasa kwa unyayo mahali ambapo ngazi imekwisha.

Marangu, mkesha wa Noeli. Ukungu umeingia hadi madhabahuni.
Magari ya Dar yamelala migombani,
na wenye magari wamevaa sweta za kuazima;
kila mwaka wanasahau baridi ya kwao.

Tuliimba zile za vigelegele. Wakapiga makofi,
wakaturekodi.
Kisha Apaikunda akaingia na sauti ya pili,
besi ikaguna chini yake kama ng'ombe zizini,
na simu zikashuka, moja, moja, mapajani.

Mtu mzima mmoja, mwenye malori,
akagusa benchi pembeni yake, palipo wazi,
akalipapasa kama anayetafuta ufunguo.
Pale alikuwa akikaa mama yake, Mama Anaeli,
aliyepandisha ubeti wa tatu kabla ya wakati,
kila Noeli, kwa nguvu, bila aibu.

Nimeimba miaka ishirini na sita
na sijaelewa: mtoto kazaliwa,
ndafu iko motoni, ndugu wote wamefika,
na bado tunaomba wimbo unaouma.

Bibi yangu hakujua noti. Alijua mbege.
Alichemsha ndizi, akazilaza mtungini siku nne;
ukionja, tamu, ungedhani kazi imeisha.
Yeye alicheka tu,
akaenda kapuni akatoa gome la msesewe,
chungu la kukunja uso,
akalitia.
"Bila hili ni uji wa watoto.
Utashiba, halafu hutakumbuka kitu."

Tarehe mbili Januari nyumba zitafungwa kufuli,
funguo aachiwe kijana wa kulisha ng'ombe.
Labda wimbo unalijua hilo mapema kuliko sisi.
Labda. Mimi ni mwimbaji tu.

Tulipomaliza, hakuna aliyepiga makofi.
Mwenye malori alitusubiri mlangoni.
Hakusema hongera. Alisema, "Kesho mtaurudia?"
"Kesho ni ule wa mbio," mwalimu akajibu,
akafunga kitabu.

Nikamwacha amesimama kwenye manyunyu, bila mwavuli,
akiuvumisha puani peke yake,
akipandisha ubeti wa tatu
kabla ya wakati.