Uzito Ulipopungua

Wiki tatu sikugusa maji.
Nilirusha nati ya baiskeli
uani kwetu Karagita, kati ya kamba za nguo,
nikilenga karai la Mama Ekidor
lenye tobo, lililostaafu kufua.
Mara ya kwanza nati ilivua shati la mwenye ploti.
Mara ya pili ilimvua kuku manyoya mawili.
Watoto wakaketi kwenye ngazi, wakihesabu kwa sauti
kana kwamba ni penalti.

Nyokabi, fundi cherehani, ndiye mwalimu.
Hakucheka. Alikuja na pini mdomoni.
"Bega liache nyumbani.
Unapigana. Kwani karai limekukosea nini?
Kiwiko mbavuni. Mkono ukunje kidogo tu,
kama unakung'uta maji kwenye sukumawiki.
Kidole kiuachie mshipi
ufito ukitazama pale unapotaka.
Ukiwahi, utavua mawingu.
Ukichelewa, utajichapa miguu."

Siku ya kumi na tisa:
ting.
Mtoto mmoja akasema, bahati.
Ting. Ting.
Akanyamaza.

Lakini kurusha ni nusu. Vidole vyangu
ni vya chumba baridi: miaka sita
nafunga waridi mashada kwa mashada,
mwiba hunichoma asubuhi
nikaugundua jioni, kwa damu kwenye kikombe.
Nitamsikiaje samaki kwa vidole hivi?

Nyokabi aliugeuza mkono wangu
kama kola inayotaka kubadilishwa.
"Basi sikiliza kwa macho.
Uzi husema kabla haujakatika.
Usiukaze ukaudhika, usiulegeze ukasinzia.
Na usingoje kugongwa tu."
Hilo la mwisho sikulielewa.
Niliitikia, kama watu kanisani.

Jumapili, leseni mfukoni, tukasimama
upande wa Kamere, mbali na njia ya viboko.
Ziwa limepanda, limemeza shamba la mtu,
nguzo za ua zinachungulia majini,
moja ina mnandi ameanika mabawa.
"Besi hukaa pale," Nyokabi akanong'ona,
"kivulini mwa nguzo, kama askari wa benki,
anajifanya halindi kitu."

Nikarusha. Chambo cha mpira, zambarau,
kikatua kando ya nguzo ya tatu,
kikaacha duara dogo kama kifungo.
Nikahesabu kinavyozama. Pale, tope huwa ni nane.
Moja. Mbili.
Tatu. Nne.
Tano, na mshipi ukasimama.

Haukuvutwa. Haukutetemeka.
Ule uzito mdogo niliouzoea
haukuwepo mkononi, basi,
kama mtu aliyeinuka kitini nyuma yako.

Hivyo ndivyo mama alivyosema mwezi wa nne,
simuni, kutoka Butere: "Sisi wazima."
Sauti nyepesi. Nami nikangoja
aseme kitu cha kunigonga,
nikangoja hadi salio likaisha.

"Sasa!" Nyokabi akatema pini.
Nikazungusha, nikainua ufito,
na maji yakapasuka:
mdomo, Mungu wangu, mdomo ule,
ungeweka humo mkate mzima,
na kichwa kikikataa, kikikataa,
mshipi umekuwa mshipa, unapiga hadi kwapani,
hata vidole vyangu vilivyokufa vikasikia.

Akaruka mara ya pili. Chambo kikarudi
peke yake, kikaniangukia kiatuni.

Mnandi hata hakugeuza shingo.
"Umechelewa robo ya pumzi," Nyokabi alisema.
"Lakini umemsikia?"
"Nimesikia pale palipokosekana kitu."
Akanitazama kama anayepima kiuno,
akachukua ufito, akajirushia mwenyewe,
nguzo ya nne, bila kelele.

Nami nikapanda hadi kibanda cha salio,
shilingi hamsini, mikono inanuka ziwa.
Nikabonyeza namba. Nikaiweka simu sikioni
bila kuikaza.
Mlio mmoja. Wa pili.
Wa tatu.