Jina Bado Liko Mtoni

Nesi ananiuliza mara ya tatu, kalamu mkononi:
"Mtoto anaitwa nani?"
Haitwi. Jina lake bado liko mtoni,
linatembea na baba yake.

Kwetu wanaume ni wafupi, pinde ni ndefu.
Ule wa Arsenio ukisimama naye
unamzidi mkono mzima,
mweusi, moyo wa mchikichi wa porini,
aliukwangua kwa gamba la konokono
huku mimi nikisokota upote pajani
mpaka paja likaota sugu.

Dereva wa basi la Trinidad aliukataa.
"Ukate kipande," alisema, "au ubaki nao."
Akabaki nao.
Nikapanda peke yangu na uchungu wangu.

Ndiyo desturi: mke akishikwa na uchungu
mume hashiki mkono wake, hushika upinde.
Mnyama wa kwanza atakayeanguka
ndiye jina.
Mimi ni Kulungu. Dada yangu ni Kobe,
na tulimcheka, tena sana:
kobe haombi mshale, huokotwa tu kama kuni.

Lakini msitu umebaki vishungi,
kichwa cha mtu aliyenyolewa gizani.
Kwingine ni seng'enge na ng'ombe weupe wa watu.
Namwona akiinama apite,
upinde ukikataa kuinama naye.
Anarudi, anaupitisha kwanza, taratibu,
kama mgonjwa,
kisha yeye.
Ng'ombe wanamtazama.
Jina la ng'ombe hatulitaki.

Saa tatu usiku umeme ukakatika.
Nesi akawasha mshumaa, akasema ataandika lolote,
María, basi, alale.
Ndipo kitu kirefu kikagonga juu ya mlango
mara moja, mara mbili,
na mtu akatukana kwa lugha yetu.

Aliingia amelowa hadi kiunoni.
Mkononi samaki bapa, mpana kama sinia,
mwenye madoa, mwiba wa mkia umeshakatwa.
Maji yalikuwa ya magoti, alisema,
na mchanga ulikuwa unapumua.

"Taa," alisema.

Nesi akasogeza mshumaa
amwone mtoto usoni,
akaandika.

Upinde tukaulaza sakafuni.
Ukapita chini ya kitanda changu,
ukapita chini ya kitanda cha pili,
ncha yake ikatokea kwa mwanamke tusiyemjua,
aliyekuwa macho, akingoja wa kwake.

Hakuusogeza.