Aliyevunja Seleri

Ilitolewa Novemba, mwaka sabini na tatu,
Rovigo, ukungu mzito kama uji uliosahauliwa jikoni,
katika sinema iliyonuka makoti mabichi na maganda ya machungwa.
Tulikuwa watu kumi na saba. Nilihesabu mara mbili.
Mmoja alikuwa muuza tiketi, kaingia kuota joto.

Kengele Chini ya Maji, ndilo jina lililobandikwa mlangoni,
na mwanamke wa kuchorwa, kaachama
mpaka magego yanaonekana.
Mtoto fulani alikuwa keshamtia masharubu.

Ottorino Galvan, mwongozaji, alikaa safu ya nyuma,
kofia magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali.
Mimi nilikaa pembeni. Sikuwa na jina la kuitwa:
Ersilia, wa studio ya sauti, Roma, ghorofa ya chini,
niliyeichoma kabichi kisu mara arubaini
ili Daktari Sanvito afe mara moja.
Shingo ya mtawa ilikuwa seleri.
Nyayo za marehemu, taulo lililolowa
likidondoshwa sakafuni, taratibu.
Jioni tulizipika kabichi zile kwa maharage.
Kifo cha daktari kilitulisha siku tatu.

Bodi ya ukaguzi ilikuwa imeshakata mita tisa.
Si damu, damu waliiacha.
Walikata padri akicheka.

Asubuhi, magazeti. Galvan alininunulia kahawa,
akaniomba nimsomee, eti miwani kaisahau.
Ilikuwa mfukoni mwake. Niliiona.
Wa Milano: “Machinjio yenye taa nzuri.”
Wa Bologna, ambaye nasikia aliondoka kabla kengele haijalia:
“Bwana Galvan anataka kututisha kwa kelele za jikoni.”
Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika,
maana mtu yule, na dharau zake zote,
alikuwa amebisha mlango wenyewe, kama mlevi.
Gazeti la parokia halikuandika neno.
Liliweka msalaba mdogo, mweusi, kando ya jina,
na msalaba ule ukatuletea vijana wa Adria kwa baiskeli,
Jumapili, safu nne nzima.
Sifa ilikuwa moja, ukurasa wa tisa, chini ya bei za mahindi:
“Nives Trabucchi ana koo lililofika kuzimu likarudi.”

Lilikuwa koo langu.

Nives alikuwa na mafua siku ile, sauti kama bawaba.
Galvan akasema, Ersilia, hebu jaribu wewe.
Sikuigiza. Niliziwaza ngazi za hospitali ya Padova,
nesi akishuka na viatu vya kaka yangu mkononi,
kamba kazifunga vizuri, mafundo mawili.
Kilipotoka kilichotoka, fundi alivua vya masikioni,
akauliza kama turudie.
Galvan alitikisa kichwa, akaenda kufungua dirisha
ambalo ghorofa ile haikuwa nalo.

Siku sita, filamu ikashushwa, ikaja ya vichekesho.
Galvan alimalizia maisha na matangazo ya magodoro.
Nives hakuniuliza kitu, wala sikumwambia;
mara moja tu, harusini kwa mtu, aliniwekea mkono kooni
kama anayepima homa, kisha akaenda kucheza.

Sasa wameifufua, Torino, nakala iliyosafishwa,
damu nyekundu kuliko tulivyoichanganya,
na kijana mwenye pete puani kaandika kurasa kumi na moja
kwamba ukelele ule ni taifa likijiona kwenye kioo.
Huenda. Mimi sina elimu ya kumbishia.
Niliitwa jukwaani kwa jina la mtu mwingine, nikapunga mkono.

Ilipokaribia dakika ile nilitoka, nikasimama penye mashine ya kahawa.
Mlango ulikuwa wa kisasa, mnene, wa kuzuia sauti.
Haukuzuia.
Ukumbi mzima ukapiga makofi.
Nikainama nikafunga viatu vyangu,
ingawa havikuwa vimefunguka.